Kocha Alikuwa na Kwao

Mwanamke aliingia kituoni na redio ndogo mkononi, akaibwaga juu ya meza ya Sajini mpaka kifuniko cha betri kikaruka.

"Nani kati yenu amesema mdogo wangu aliokotwa?"

Sajini aliitazama redio, akamtazama na mwenye redio. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mrefu, kichwa kimejaa mvi, tepu ya kupimia vitambaa ikining'inia shingoni kama mtu aliyeondoka kazini bila kuaga.

"Shikamoo, mama. Keti kwanza."

"Marahaba. Nimekaa kwenye basi tangu jana. Sikuja hapa kukaa."

Inspekta alitoka ofisini kwake na faili mkononi. Lilikuwa faili la Kocha, mzee wa ukumbi wa ngumi, aliyekutwa amekufa chini ya ngazi za ukumbi wake mwanzoni mwa wiki. Sajini ndiye aliyelishughulikia. Kwa maelezo yake, marehemu alikuwa mlevi, aliteleza, akavunjika shingo. Hana ndugu. Halmashauri ingemzika kesho. Kilichobaki ni sahihi ya Inspekta, na Mkuu wa kituo alikuwa ameshaiulizia mara mbili asubuhi hiyo.

"Mimi ndiye mwenye hili faili," Inspekta alisema. "Mdogo wako ni nani, mama?"

"Huyo mnayetaka kumfukia kama paka wa barabarani. Nimemsikia kwenye redio nikiwa cherehani kwangu, nashona mapazia ya watu. Mtangazaji anasema kwa huruma, eti Kocha alikuwa yatima aliyeokotwa jalalani. Eti akawa bondia, akaua mtu ulingoni, baba yake akamfungia mlango. Eti tangu hapo akawa mtu wa chupa." Alivuta pumzi. "Hebu niambie wewe mwenye vyeo begani. Mtu aliyeokotwa jalalani alifungiwa mlango na baba yupi?"

Sajini alikohoa. Inspekta alifungua faili, akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Yote mawili yalikuwamo, kuokotwa na kufukuzwa, mistari michache tu katikati yake.

"Haya umeyaandika wewe, Sajini?"

"Nimeandika nilichoambiwa, afande."

"Na hukuona kwamba yanagongana?"

Sajini aliuvuta ukurasa, akausoma upya.

"Baba yetu alikuwa mpiga picha," mwanamke aliendelea, sauti ikipanda. "Alikuwa na studio yake, na nusu ya maharusi wa mji huu walipita mbele ya kamera yake. Mama yetu alikuwa muuguzi. Mdogo wangu alizaliwa kitandani, kwenye nyumba yenye milango na madirisha, na mimi ndiye niliyemfunga nepi. Wala hajapigana ngumi hata siku moja! Lile jicho lake bovu, nasikia mnasema lilitobolewa ulingoni. Ni surua, alipokuwa mtoto. Daktari wa mchezo alimkatalia kabisa kupanda ulingoni. Alianza kwa kubeba ndoo za maji za mabondia, akawa anaangalia na kujifunza kwa macho, yaani kwa jicho. Na pombe hajawahi kuonja. Harufu yake tu ilimtapisha."

"Aliongea nawe mara ya mwisho lini?"

"Jumapili. Kila Jumapili ananipigia."

Inspekta aligeukia faili tena. "Hapa imeandikwa kwamba hakuwa na simu."

"Hatukuikuta, afande," Sajini alisema.

"Kutoikuta na kutokuwa nayo ni kitu kimoja?"

Sajini akamsogelea, akashusha sauti. "Afande, tahadhari. Chuma, yule msaidizi wa Kocha, alituonya mapema. Alisema watatokea matapeli wa kudai undugu, wakiutaka ukumbi."

"Alisema hivyo lini?"

"Siku ileile, palepale ngazini."

"Maiti haijapoa, na ya mtu asiye na ndugu, tayari anaogopa ndugu zake." Inspekta alilifunga faili. "Chukua funguo za gari. Tunakwenda mochwari."

Mwanamke alikuwa bado amesimama. "Kwani hamkumuuliza Bubu?" aliuliza. "Bubu anatujua sisi sote."

"Bubu ni nani?"

"Kijana aliyelelewa kwetu. Mdogo wangu alimleta nyumbani siku moja jioni, akakaa miezi hasemi na mtu, ndiyo tukamwita hivyo. Jina lake lingine sikuwahi kulishika. Mimi niliolewa mbali muda mfupi baadaye, lakini mdogo wangu alikuwa akiniambia daima, Bubu yupo, Bubu anakusalimu."

Sajini alitikisa kichwa. Pale ukumbini alihoji kila mtu, na hakuna aliyetaja Bubu.

*

Daktari wa mochwari alikuwa mtu wa haraka, mwenye kalamu sikioni. Aliivuta droo, akafunua shuka mpaka kifuani.

"Ndiye," mwanamke alisema. Hakulia.

"Samahani, mama," daktari alisema, akimtazama Sajini. "Nimeelezwa kwamba kuna utata wa undugu. Kumtambua kwa sura, hata mtu aliyemwona gazetini anaweza. Kuna kitambulisho chochote mlichonacho cha..."

Hakumaliza. Mwanamke alikwenda upande wa pili, akafunua shuka kwenye nyayo. Kidole cha pili na cha tatu cha mguu wa kulia vilikuwa vimeungana kwa ngozi mpaka karibu na kucha. Akavua kiatu chake, akavua soksi, akashika ukingo wa droo na kuuinua mguu wake mwenyewe mpaka ukakaa kwenye chuma, kando ya mguu wa maiti. Vidole vilevile viwili. Ngozi ileile.

"Ya baba yetu ilikuwa hivyohivyo," alisema. "Sasa niletee huyo anayesema mimi tapeli, naye avue kiatu."

Daktari aliitoa kalamu sikioni, akairudisha. Sajini alikuwa akitazama sakafu.

"Ulimpasua?" Inspekta aliuliza.

"Hapana. Niliambiwa ni mlevi aliyeanguka, hana mwenyewe. Nani angeniomba?"

"Mwenyewe huyu hapa, anafunga kamba za kiatu. Na mimi nakuomba kwa maandishi. Tumbo, damu, mwili mzima. Na nguo zake zisiguswe."

"Leo?"

"Kesho ungekuwa umemtoa akafukiwe. Leo."

*

Garini Inspekta alimpigia mtangazaji, akaweka simu kwenye spika ili Sajini asikie.

"Habari ya Kocha uliipata kwa nani?"

"Aa, Inspekta, ile historia kila mtu anaijua."

"Kila mtu anaitwa nani?"

Mtangazaji alicheka. Inspekta hakucheka. Kicheko kikakatika.

"Kusema kweli, alikuja Chuma mwenyewe studio. Siku ya pili baada ya msiba. Alisimulia mpaka fundi mitambo akatoa machozi."

"Kabla ya hapo uliwahi kuisikia? Wewe umemhoji Kocha mwenyewe kwenye kipindi chako, miaka na miaka."

"Hapana. Kocha alikuwa hazungumzii mambo yake."

"Kwa hiyo ukatangaza nchi nzima kwa mdomo mmoja."

Mwanamke akainama kutoka kiti cha nyuma. "Na ulimuua mama yangu pia," aliiambia simu. "Ulisema hakuwahi kumjua. Mama yangu alimbeba mgongoni mpaka zamu za hospitali!"

Inspekta alikata simu. Akawapigia mashahidi wa kwenye faili. Mlinzi wa jengo la ukumbi alikiri aliisikia habari kwa Chuma. Muuza glavu vilevile. Sajini alisimamisha gari kwenye taa nyekundu.

"Wote ni Chuma," alisema hatimaye.

"Wote ni Chuma, na wewe ukiwa wa kwanza. Ulihoji watu wengi, Sajini, lakini ulimsikia mtu mmoja. Pinda kushoto. Kuna refa mmoja mstaafu, rafiki wa Kocha, ambaye hukumfikia."

*

Refa mstaafu aliishi ghorofa ya kwanza, chumba chenye kitanda, feni na picha za mabondia ukutani. Mguu wake mmoja ulikuwa kwenye bandeji juu ya stuli. Aliposikia wamekuja kwa ajili ya Kocha, alianza kugomba kabla hawajakaa.

"Nimepiga simu redioni mpaka kidole kimeota sugu! Wananiambia, mzee, umechanganya mambo, kapumzike. Nimechanganya nini? Kocha hakuwahi kupanda ulingoni kupigana! Mimi ndiye niliyekuwa refa siku yule kijana alipokufa. Mimi ndiye niliyehesabu. Na aliyempiga ni Chuma."

Sajini aliacha kuandika. "Chuma huyu?"

"Chuma yupi mwingine? Ngumi ya kushoto, chini ya mbavu, hapa." Alijigusa upande wa kulia. "Mtu anakosa pumzi, anainama, halafu ngumi ya pili inamkuta kichwani. Kijana alianguka hakuamka. Chuma naye alikuwa mtoto tu. Nasikia baba yake alimfukuza, na tangu hapo hatukumwona muda mrefu. Aliporudi, alirudi na Kocha, akiwa msaidizi wake."

Inspekta aliwatazama Sajini na yule mwanamke. Mwanamke alikuwa amekaa wima, mkono mmoja umeishika tepu shingoni.

"Walikuwa na ugomvi?" Inspekta alimuuliza refa. "Kocha na Chuma?"

"Wiki iliyopita Kocha alikuja hapa anatetemeka kwa hasira. Kuna bondia wao kijana, daktari alimpima akakuta damu kichwani. Akasema huyu akipigwa tena, mtamzika. Chuma alikiona cheti, akakificha, akaendelea kumwandaa kwa pambano. Kocha akasema, nakwenda kwenye chama cha ngumi, namtoa kijana, na Chuma namtoa pia. Nikamwambia nenda. Hakufika."

Simu ya Inspekta ikalia. Alikuwa daktari, na haraka yake yote ilikuwa imemwisha.

"Tumboni kuna chai na mkate. Pombe hakuna, si tumboni wala kwenye damu. Iliyopo imeloa kwenye kola ya shati tu, kama mtu aliyemwagiwa. Halafu kuna jambo jingine. Upande wa kulia, juu ya ini, damu imevilia ndani. Ngazi haipigi hivyo. Ni ngumi moja, ya mtu anayejua pa kupiga."

Inspekta alishukuru, akamwambia refa abaki tayari kutoa maelezo, akashuka ngazi. Nje, mwanamke alimshika mkono.

"Mwanangu, ngoja. Huyu aliyefukuzwa na baba yake. Alikuwa na begi?"

"Kwa nini?"

"Bubu alikuja kwetu na begi."

Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho, wamesimama kando ya gari, kisha akamwambia, "Utakaa nyuma ya mlango wa ukumbi. Usiingie mpaka usikie mwenyewe kwamba ni wakati."

*

Ukumbini mabondia walikuwa wakiruka kamba. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya Kocha yenye utepe mweusi, na chini yake Chuma alikuwa ameshikilia mfuko wa mazoezi huku kijana mmoja akiupiga. Alikuwa mnene wa mabega, mtu wa makamo, sauti ya upole. Alipowaona polisi aliusimamisha mfuko kwa kiganja cha kushoto.

"Karibuni. Mazishi ni kesho, sivyo?"

"Ndiyo maana tumekuja," Inspekta alisema. "Nataka kulimaliza faili. Sehemu moja haikukaa sawa. Kuna mahali umesema aliokotwa, mahali pengine alifukuzwa na baba."

"Baba mlezi," Chuma alijibu papo hapo.

"Haya. Baba mlezi. Ilikuwaje?"

"Nimeshasema. Aliua mtu ulingoni, bila kukusudia. Akarudi nyumbani jioni ile, habari imeshatangulia."

"Baba akafanya nini?"

Chuma alijifuta shingo kwa taulo. "Alifunga mlango. Akazima na taa ya nje, na huku anajua mtu yuko pale kizani. Mama hakutoka. Alipitisha begi dirishani, mkono wake tu ulionekana. Hakusema hata neno." Taulo lilikuwa limesimama shingoni. "Hata kwaheri."

"Begi gani?"

"La kijani. Zipu yake ilikuwa mbovu. Nguo zikawa zinaanguka njiani, unaokota hii, ile inadondoka."

"Kocha alikusimulia mpaka zipu?"

Kamba za kuruka zilikuwa zimenyamaza moja baada ya nyingine.

"Zipu ile niliibadilisha mimi," sauti ilisema kutoka mlangoni. "Nilitoa ya gauni langu."

Chuma aligeuka.

"Dada," alisema.

Neno lilimtoka lenyewe. Aliusogeza mkono kama anayetaka kulirudisha.

"Sajini," Inspekta alisema, "mwanamke wa umri huu, mvi kichwa kizima, ukikutana naye kwa mara ya kwanza unamwitaje?"

"Mama, afande. Asubuhi nilimwita mama."

"Huyu amemwita dada. Dada yule yule aliyesema Kocha hana."

Mwanamke alivuka sakafu ya ukumbi, akapita katikati ya mabondia, wakampisha. Alisimama mbele ya Chuma karibu kabisa. Alimzidi urefu kidogo.

"Bubu," alisema. "Ulikuja kwetu umelowa, hutaki kula, hutaki kusema. Mdogo wangu alilala chini, wewe ukalala kitandani kwake. Baba alikupiga picha ya kitambulisho bila wewe kuomba. Mama alikaa na wewe ulipokuwa ukipiga kelele usingizini. Hakuna aliyekuuliza umefanya nini huko ulikotoka! Hakuna! Na hii ndiyo shukrani yako. Uliyachukua maisha yako mabaya ukamvisha yeye. Mauaji yako, mpe yeye. Baba yako mkatili, mpe yeye. Na baba yangu aliyekufungulia mlango, ukamfuta!"

"Dada, nisikilize..."

"Nakusikiliza tangu juzi kwenye redio!"

"Hakunielewa!" Chuma alifoka kwa mara ya kwanza. Upole ulikuwa umemtoka wote. "Miaka yote niko nyuma yake nabeba taulo. Yule kijana ndiye bingwa wa kwanza ambaye ni wangu, niliyemtengeneza mimi! Akasema ananifukuza. Pale ngazini akaniambia, umeshaua mmoja, hutaua wa pili ndani ya nyumba yangu. Miaka yote hajawahi kulitaja lile. Siku ile akalitaja." Alipumua kwa nguvu. "Nilimpiga moja tu. Alianguka mwenyewe."

"Na pombe ilijimwagia yenyewe?" Inspekta aliuliza. "Na simu ikaondoka kwa miguu yake?"

Kijana aliyekuwa akiupiga mfuko alirudi nyuma hatua moja, akaanza kuzivua glavu kwa meno, haraka, kama zinamuunguza. Inspekta alimtazama akajua ndiye yule wa cheti.

"Wewe," alimwambia, "kesho asubuhi uende hospitali. Ngumi basi."

Sajini alimfunga Chuma pingu. Simu ya Kocha ilikutwa kwenye kabati la Chuma, chumba cha kubadilishia nguo, imezimwa, imefungwa ndani ya soksi. Inspekta alisimama kando, akampigia Mkuu wa kituo. Mabondia walimsikia akisema mara tatu, "Hapana, mkuu, sisaini," na ya nne akasema, "Basi njoo useme hivyo mbele ya dada yake," kisha akakata.

Walirudi kituoni jua likiwa bado kali. Chuma aliwekwa kwenye benchi la mapokezi akisubiri kuandikishwa. Mwanamke alikaa mezani kwa Sajini kutoa maelezo yake, na safari hii Sajini aliandika polepole, akimsomea kila sentensi, akifuta kila alipoambiwa afute. Aliandika mpiga picha. Aliandika muuguzi. Aliandika surua. Alipofika kwenye hajawahi kunywa, mwanamke alimwambia apige mstari chini yake, naye akapiga.

"Imebaki sehemu moja, mama," Sajini alisema. "Uhusiano wako na mtuhumiwa."

Kule kwenye benchi Chuma aliinua kichwa. Macho yalikuwa mekundu. Alimtazama mwanamke kama mtu anayesubiri kuhesabiwa.

Mwanamke naye alimtazama, muda mrefu.

"Aliwahi kulala kwetu," alisema. "Andika hivyohivyo."